Mkamwana Ndani ya Faya

Kikohozi cha Mzee Saulo kilifika kabla ya Mzee Saulo mwenyewe. Atuganile alikuwa ameinamia mafiga, anapuliza moto wa maharage, aliposikia "kho-hoo!" ikitokea upande wa barabara, kikohozi cha mtu aliyezoea kupishwa njia. Hakungoja cha pili. Aliacha mwiko ndani ya chungu, akakimbilia mlangoni, akaona mlangoni ndiko kunakokuja kikohozi, akageuka, akapanda kitanda na kutokea dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa la kupitisha kuku, si mwanamke aliyekuzwa kwa ndizi za Rungwe. Alipoanguka upande wa pili goti lilikuwa limechubuka, na pindo la kanga yake limebaki kwenye msumari likipepea kama bendera ya serikali.

Kule mbele alimsikia mumewe, Asukile, akisema kwa sauti ya furaha iliyotiwa woga, "Oo, tata! Karibu, tata! Mbona hukuleta habari?"

"Habari ya nini? Mtu anakuja kwa mwanawe anapiga hodi mwezi mzima?"

"Hapana, tata. Nauliza tu. Utakaa siku ngapi?"

"Daktari amesema nitiwe dawa ya macho hapa mjini mpaka yapone. Yakipona nitaiona njia ya kurudi."

Atuganile, amechuchumaa kwenye majivu nyuma ya nyumba, alifumba macho. Alikuwa na miezi tisa tu ya ndoa, na ndani mle maharage yalikuwa yameanza kuungua.

Kwao Rungwe sheria hii haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akimsikia mkwe wake njiani anaingia kwenye migomba. Pasipo migomba anachuchumaa, anajifunika kanga gubigubi mpaka mzee apite. Hasemi naye, halitamki jina lake, hamgusi. Anayekosea hulipa faini, na faini ikishalipwa wanawake wa kisimani huendelea kumdai kwa midomo. Wakristo nao walikuwa vilevile. Mchungaji alishahubiri kwamba mambo hayo ni ya giza, lakini baba yake mchungaji alipokwenda kumtembelea, mke wa mchungaji alikula jikoni wiki nzima.

Na kule kwao haikuwa kazi ngumu. Migomba ni mingi, tena tangu zamani vijana walijenga kijiji chao na wazee wakabaki kwenye chao, kila mtu na moshi wake. Lakini serikali ilipojenga nyumba za wafanyakazi wa kiwanja cha ndege hapa Mbeya haikuuliza mambo ya migomba. Ilijenga chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha la kuku, ikaweka namba ukutani, ikaondoka.

Jirani yao alikuwa Evarista, mke wa dereva, mwanamke wa Iringa mwenye kifua cha mbele na maneno ya mbele zaidi. Atuganile alimwendea huku anajipangusa majivu.

"Mama Tadeo, mkwe wangu amekuja."

"Ngoja nimsalimie!"

"Nimsalimie! Mimi nimetoka dirishani, wewe unasema nimsalimie? Nitakaa wapi?"

Evarista alitazama nyuma yake. Ndani mle kulikuwa na watoto saba wakigombea kiazi kimoja. "Bibi harusi, usiku utalala hapa, tutabanana kama viberiti. Lakini mchana, na baridi hii, hawa hawakuachii hata pa kuweka unyayo. Muulize Marcelino. Marcelino! Njoo uone Wanyakyusa wanavyoteseka!"

Marcelino, mumewe, alitoka akiwa na mate ya mswaki mdomoni. Alisikiliza, akacheka mpaka akameza mswaki nusu.

"Shemeji, kwetu Iringa baba mkwe ni mtu tu. Unamwambia kamwene, unamtilia pombe ya ulanzi, mnaongea mambo ya ng'ombe. Anayekimbiwa ni mama mkwe, na yule wangu hata bila mila ningemkimbia."

"Mama yangu amekukosea nini?" Evarista akadakia.

"Hajanikosea. Ananitafuta tu. Shemeji, usihangaike. Nina nyumba nyekundu. Ina milango miwili na viti vya kulalia. Utakaa kwenye faya."

Faya lilikuwa gari la kuzima moto wa ndege. Lilipigana vita likiwa la kijani. Vita vilipokwisha likapakwa rangi nyekundu kwa brashi ya ukutani, likabebeshwa tangi la maji mgongoni, pampu, mipira iliyokunjwa kama chatu waliokufa, na madebe ya dawa ya povu. Dawa hiyo, walisema, ilipikwa kwa kwato na pembe za ng'ombe, na ilinuka kama ng'ombe mwenyewe amefia humo bila kuagwa. Gari lilikuja kutoka Iringa pamoja na Marcelino, na watu walisema Iringa walimtoa dereva ili gari lipate mtu wa kulisemea. Kila siku ya ndege, Marcelino hushika usukani, Asukile mpira, na kijana mwenzao Yotamu pampu, wanangoja ndege itue. Ndege ikitua salama wanarudi bandani. Hawakuwa wamezima moto hata mmoja tangu Atuganile aolewe, isipokuwa wa jiko la Evarista.

"Na Bwana Pima je?" Atuganile aliuliza.

Kicheko cha Marcelino kilipungua kidogo. Bwana Pima alikuwa Mzungu mkubwa wa kiwanja. Jina lake la kwao lilikuwa na herufi nyingi zisizosomeka, basi watu wakampa hili kwa sababu alipima kila kitu: urefu wa majani, kina cha maji tangini, hata kamba ya kengele. Na sheria yake kubwa kila mtu aliijua: asiye wa faya hapandi faya. Akionekana amepanda, aliyempandisha aondoke siku hiyo hiyo, yeye na vyombo vyake.

Haikuwa sheria ya mdomo. Kabla ya Asukile kulikuwa na mtu akiitwa Bartholomeo, ambaye siku moja alimchukua shangazi yake na magunia ya viazi kutoka Uyole kwa faya, maana gari lilikuwa limekaa bure. Kabla jua halijasimama kichwani vyungu vya mke wa Bartholomeo vilikuwa nje kwenye majani, na mkewe amekaa katikati yao kama anaviuza. Nyumba ile ndiyo aliyopewa Asukile. Atuganile alipoingia alikuta ukuta umepakwa chokaa kwa viganja, na alama za vidole vya mwanamke yule ziko pale mpaka leo. Hakuzifuta. Kila alipoziona alikumbuka kwamba nyumba hii inaweza kumtapika mtu.

"Bwana Pima haingii bandani," Marcelino alisema. "Harufu ya povu inamshinda. Wewe kaa chini ya kiti, usikohoe."

*

Basi mkamwana akahamia ndani ya faya, na mkwe akahamia juani.

Mzee Saulo alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, na baridi ya Mbeya ilimfanya amfuate jua kama deni. Asubuhi alikaa mlangoni. Jua likipanda, alisogea ubavuni mwa nyumba. Likipinda, alihamia kwenye njia ya kwenda chooni, akatulia pale, jicho moja limefungwa pamba, jingine likitoa machozi, akisalimia kila anayepita na kumuuliza ukoo wake. Na choo kilikuwa kimoja. Atuganile, kule bandani, alijifunza kungoja. Alichungulia kwenye tundu la bati, akasema moyoni, sasa anainuka, anainuka, hainuki. Alibana miguu. Alifikiria mambo ya ukame. Siku ya tatu alimtuma Evarista amwite mzee akaonje uji, naye akakimbia kuelekea chooni mbio ambazo hazikuwahi kuonekana kiwanjani pale, hata kwa ndege.

Chakula alipika kwa Evarista, kikapelekwa na Asukile. Mzee alikula, akalamba vidole, akatangaza kwa sauti ili ukuta usikie:

"Mwanangu, mke wako ana adabu. Tangu nimefika sijasikia hata unyayo wake. Anaishi kweli?"

"Yupo, tata."

"Mwambie ndizi zimeiva vizuri. Ila chumvi asiogope. Chumvi haina mkwe."

Asukile alileta ujumbe huo bandani. Alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti cha dereva, miguu kwenye usukani, ananuka kwato.

"Anasifu adabu yako."

"Adabu inaniuma kiuno. Asukile, baba yako anaenda lini?"

"Nimwambieje? Tata, toka?"

"Mwambie nyumba ni ndogo."

"Anajua. Anasema inapata joto upesi."

Atuganile alimtazama mumewe, kijana mzuri, mpole, mwoga kama swala mbele ya baba yake na mbele ya Bwana Pima, na aliona wazi kwamba ameolewa na mtu aliyekaa katikati ya milango miwili akiogopa yote. "Mimi nitakonda humu," alisema. "Nikitoka nitakuwa povu."

*

Wiki iliyofuata Bwana Pima aliwapanga faya wote mstari mmoja. Mkubwa wake anakuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, alisema, kuona kama faya inafanya kazi au inakula mshahara bure. Shimo litachimbwa pembeni mwa kiwanja, litiwe mafuta machafu, liwashwe. Kengele ikilia, faya itoke mbio, izime.

"Kama gari nakataa," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "mimi nafukuza yote. Kama mimi naona mtu ya nje ndani ya gari, mimi nafukuza yote. Nyumba napa watu ingine. Sikia?"

"Sikia, bwana," walijibu watatu.

Jioni ile Asukile alimwambia mkewe, na safari hii sauti yake haikutetemeka. "Kesho usikanyage bandani. Nenda Mwanjelwa sokoni mapema, ukae kwa dada yako mpaka ndege iondoke. Umenielewa? Ukionekana mle, mbele ya wakubwa wawili, vyungu vyetu viko nje."

"Nimekuelewa. Vyungu ni vyangu, unadhani sivipendi?"

Na alikuwa na nia ya kwenda kweli. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alipita bandani dakika moja tu kuchukua kapu lake na ndala alizoziacha chini ya kiti. Ndipo alipokisikia kikohozi mlangoni pa banda.

"Marcelino! Uko humo? Nataka kulishika hilo gari kabla halijatoka. Macho hayaoni vizuri, lakini mikono yangu haijaumwa."

Marcelino alikuwa nyuma akijaza maji. Atuganile aliruka ndani ya faya, akafunga mlango taratibu, akalala sakafuni, kanga kichwani. Mzee Saulo aliingia. Alipapasa taa za mbele. Alipapasa pua ya gari kama anayenunua ng'ombe mnadani. Kiganja chake kikapita juu ya mlango, juu kidogo tu ya kichwa cha mkamwana wake.

"Lina afya," alisema mzee. "Lakini linanuka."

Kisha akaweka kigoda chake katikati ya mlango wa banda, pale jua lilipokuwa limeanza kuingia, akakaa.

Alikaa mpaka mlio wa ndege uliposikika kutoka upande wa Uyole. Asukile alikuja kumwondoa, akamwelekeza waliko wageni waalikwa, akidhani mkewe yuko Mwanjelwa ananunua vitunguu. Mzee akasogea hatua chache tu, akasimama palepale nje kusikiliza ndege. Ndege ikatua, wageni wakaketi, na kabla mzee hajaondoka kabisa, kengele ikalia.

Marcelino alirukia kwenye kiti, mguu wake ukakanyaga kitu laini.

"Mama yangu! Shemeji! Umegeuka klachi?"

"Yuko mlangoni!"

"Shuka!"

"Yuko mlangoni, Marcelino, nitashukaje?"

"Bwana Pima ameshika saa!"

"Basi endesha! Mimi sipo!"

Asukile alikuwa ameshaning'inia nyuma, Yotamu yuko mbele ya pua ya gari, wote hawajui lolote. Yotamu alizungusha hendeli, gari likapiga chafya, likapiga nyingine, likanguruma, naye akarukia nyuma. Marcelino alikanyaga mafuta, akisali kwa Mama Maria na kutukana kwa Kihehe katika pumzi moja. Faya likatoka bandani likimpita Mzee Saulo, naye akaliinulia fimbo kwa furaha.

*

Shimo lilikuwa linawaka vizuri, moshi mweusi umesimama mbele ya Mlima Loleza kama mlima wa pili. Wageni walikaa kwenye viti: Bwana Pima, mkubwa wake mwenye kofia nyeupe, mabibi wawili wenye miavuli, na makarani. Watu wa mjini walisimama nyuma ya kamba. Faya lilifika, vijana wakaruka, Yotamu akaamsha pampu, Asukile akashika mpira, na povu likatoka, jeupe, zito, linanuka, likaanza kuufunika moto kama maziwa yanayomwagika. Mabibi wakaziba pua. Watu wakashangilia.

Atuganile alichungulia kwa jicho moja kwenye pembe ya kioo. Alimwona mumewe amesimama imara mbele ya moto, mpira kwapani, uso unang'aa, wala hafanani na swala. Alisema moyoni: kumbe huyu ni mwanaume! Na alikuwa bado anamwangalia hivyo, upepo wa mlimani ulipogeuka.

Ulimi wa moto uliruka kutoka shimoni, ukalamba majani. Ilikuwa Agosti, na majani ya pembeni, yale ambayo Bwana Pima aliyapima kila wiki na hakuwahi kuagiza yakatwe, yalikuwa makavu kama karatasi. Moto ulikwenda nayo ukitambaa chini, upande ambao hakuna kiti wala kamba wala mtu.

Mtu alikuwepo. Mzee Saulo hakuwa amekwenda kwa waalikwa. Huko kulikuwa na kivuli cha miavuli. Alikuwa amelifuata jua kama kawaida yake, akaweka kigoda katikati ya majani, peke yake, akikinga mkono usoni aone vizuri.

"Mzee! Ondoka!" watu walipiga kelele.

Mzee akawapungia mkono.

"Moto, mzee! Moto!"

"Ndiyo, nauona!" aliitikia, akionyesha shimo kwa fimbo. "Mzuri sana!"

Asukile aligeuka na mpira, lakini mpira ulikuwa umefika mwisho wa urefu wake. Gari lilikuwa limefungwa kwenye pampu, halisogei. Atuganile alibonyeza honi ya faya kwa viganja viwili. Mzee aliposikia honi akasimama wima, akapiga saluti.

Hapo Atuganile alijua kila kitu kwa mara moja, kama mtu anavyoona chumba umeme wa mvua unapopiga. Akifungua mlango huu, wazungu watamwona anatoka ndani ya gari, na vyungu vitakuwa nje. Akimfikia mzee yule atamwona na atamgusa, na jina lake halitakuwa na mahali pa kukaa kule Rungwe. Na asipofungua atabaki na nyumba yake na jina lake, naye Asukile atamzika baba yake. Alitukana tusi ambalo hata Marcelino hakuwahi kulitumia, akafungua mlango.

Alikimbia. Aliivua kanga ya kichwani huku anakimbia, akamjia mzee kwa nyuma, na badala ya kujifunika yeye, akamfunika mkwe. Alimfunika gubigubi, kichwa, mikono, fimbo na vyote, akamfunga mafundo mawili, akainama, akamtupia mgongoni kama mzigo wa kuni. Mzee alikuwa mwepesi. Kigoda wakakiachia moto.

"Nani wewe?" mzigo ulipiga kelele. "Nani? Nashikwa na nani?"

Atuganile hakujibu.

"Nakuuliza! Mwizi wewe? Niteremshe! Mama yako hana adabu! Wewe nani?"

Aliuma midomo, akakimbia, majani yanapasuka nyuma ya visigino vyake. Mzee alimpiga teke la figo. Alimtukana ukoo mzima, ukoo ambao, kwa njia ya mahari, ulikuwa sasa jamaa zake. Atuganile hakutoa hata mguno. Alifika kwenye mawe ya barabara, akamketisha taratibu, bado amefungwa, akapinda nyuma ya ukuta wa stoo ya mafuta, kichwa wazi, akakaa chini.

Marcelino alifika akitweta, akaanza kufungua mafundo. "Pole, mzee, pole, ni mimi, mimi Marcelino, usipige, umekwisha kuokoka, moto huo kweli, ningechelewa kidogo ungekuwa mshikaki, na mshikaki wa Mnyakyusa unahitaji ndizi..."

Kule kwenye viti yule mkubwa mwenye kofia nyeupe akasimama, akaanza kupiga makofi.

*

Karani aliyekuwa karibu alisimulia baadaye yaliyosemwa, na akayasimulia kwa kila aliyemnunulia chai. Mkubwa alisema amezunguka viwanja vyote, ameona mashimo mengi yakizimwa, lakini hajaona mahali walipofikiria kuweka mtu wa kuokolewa. Tena mtu mzee! Tena amefungwa nguo asivute moshi! Tena mwokoaji mwanamke, amefichwa ndani ya gari asionekane! Ni wazo la nani?

Bwana Pima alikuwa mwekundu kuliko faya. Alitazama majani yake yaliyoungua. Alimtazama mkubwa wake.

"Langu," alisema.

Ndege ilipoondoka aliwaita wote watatu nyuma ya banda, akasimama mbali na madebe ya povu. Alimwelekezea Asukile kidole.

"Bibi yako alikaa gari yangu."

Asukile alifungua kinywa, lakini Marcelino akawahi. "Alikaa kwa zoezi, bwana. Zoezi ya bwana mwenyewe. Mkubwa amefurahi sana."

Kidole cha Bwana Pima kilibaki hewani. Kila mtu aliona akipima. Akimfukuza Asukile itabidi aandike sababu, na sababu hiyo itasomwa Dar es Salaam na mtu mwenye kofia nyeupe.

"Kesho kata majani yote," alisema mwishowe. "Yote! Kwa mkono! Na bibi hapana panda tena." Alikwenda hatua mbili, akarudi. "Mpaka mkubwa akuje tena."

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, Mzee Saulo alikaa kitandani kwa mwanawe, amepakwa mafuta kwenye mkwaruzo wa goti. Nje, ukutani, chini ya dirisha la kuku, Atuganile aliegemea chokaa. Alijua nyumba imebaki. Sasa alingoja kujua kama yeye mwenyewe amebaki ndani yake.

"Asukile. Nani aliyenibeba?"

"Marcelino, tata."

"Yule Mhehe?"

"Ndiye."

"Yule anayeongea hata akiwa na tonge mdomoni?"

"Ndiye, tata."

Mzee alijipangusa jicho. "Amenibeba kutoka majanini mpaka kwenye mawe. Nikamuuliza, wewe nani? Kimya. Nikamuuliza tena. Kimya. Nikatukana mama yake, nikatukana babu zake. Mtu ananibeba, nampiga teke, hasemi hata 'aah'." Alikohoa. "Kisha aliponiketisha tu, maneno yakafunguka kama bomba."

Asukile alitazama sakafu. "Alikuwa amechoka, tata."

"Marcelino achoke mdomo?"

Nje, Atuganile alijiziba kinywa kwa kiganja. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angemtoa mzee yule motoni bila kumsemesha, na sasa mzee alikuwa analijua hilo, na mwanawe analijua, na ukuta nao. Alingoja neno faini. Alingoja jina lake.

"Sawa," alisema Mzee Saulo. "Ni Marcelino. Wewe umesema, yeye amesema. Mimi ni mgonjwa wa macho, nibishane na nani? Mtu yeyote asije kuniambia ni mwingine. Lakini kwetu, mtu akikutoa motoni, humwachi hivihivi. Kunja mkeka wangu."

"Unakwenda wapi, tata?"

"Kwa aliyenibeba. Nitakaa kwake mpaka macho yapone."

"Tata! Kwa Marcelino wako tisa ndani!"

"Basi tutakuwa kumi. Yeye si ndiye alinibeba? Au siye?"

Asukile alikunja mkeka.

Ulivuka uwanja huo mkeka, na nyuma yake mzee na fimbo yake, na kilichofuata kilisikika mpaka kwenye nyumba za makarani. Evarista hakuwa mtu wa kunong'ona. "Marcelino! Mdomo wako! Nilikuambia siku moja mdomo wako utatuletea mgeni! Umembeba lini wewe? Wewe hata ndoo ya maji hubebi!" Na Marcelino, kwa mara ya kwanza tangu atoke Iringa, hakupata la kusema, maana akikana, mzee angelazimika kumjua aliyembeba, na jina la Atuganile lingeanguka mpaka Rungwe. Alifungua mlango kwa upana. Watoto saba wakampandia mzee magotini kabla hajakaa, wakimuuliza kama alisikia moto matakoni.

Atuganile alingoja mpaka mlango ule umefungwa. Akainuka, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango kama watu. Alikaa katikati ya kitanda chake, akanyoosha miguu yote miwili. Asukile alisimama kando, hajui aombe radhi au acheke.

"Washa moto," mkewe alimwambia. "Leo napika humu."

Maharage hayajachemka, sauti ya Evarista ikavuka uwanja tena.

"Bibi harusi! We bibi harusi! Mkwe wako anataka kigoda, anataka jua, anataka chumvi! Njoo umchukue mkwe wako!"

Atuganile alisogea mlangoni, mwiko mkononi, akaegemea mwimo.

"Mkwe gani, Mama Tadeo?" aliitikia. "Mimi huyo mtu sijawahi hata kumwona."